Jibu: Utabiri ukipita patupu, mbona waumini hawatawanyiki?

Habari ndugu. Swali lako nami lilinisumbua: siku iliyotajwa imepita, Yesu hajarudi, na bado kundi lipo. Wanawezaje?

Kabla ya kuwaita wajinga, angalia kwanza wameacha nini na wameng'ang'ania nini. Wafuasi wa mhubiri William Miller kule Marekani walipiga hesabu ya siku 2,300 zinazotajwa katika Biblia, Danieli 8:14, wakihesabu kila siku kuwa mwaka, wakangoja Yesu arudi Oktoba 22, 1844. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna. Usiku ukapita, wakalia mpaka alfajiri. Wengi waliondoka, tusifiche. Lakini Hiram Edson, mmoja wa wafuasi hao, na wenzake wakashikilia kwamba tarehe ilikuwa sahihi, ila tukio ndilo walilolikosea: Kristo hakurudi duniani siku hiyo, bali aliingia Patakatifu pa Patakatifu, yaani chumba cha ndani kabisa cha hekalu, huko mbinguni. Ona hapo, tarehe imebaki ila hakuna tena wa kuihakiki kwa macho! Katika kundi hilo ndimo lilimotoka Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi 1863.

Jirani yangu Msabato nilimchokoza na hadithi hii. Akaendelea kumenya ndizi zake, akasema, "Ndiyo maana siku hizi hatutaji tarehe."

Hesabu yenyewe ya Danieli muulize mchungaji, mimi si mtu wa teolojia.