Jibu: Kwa nini wimbo wangu wa huzuni haugusi?

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Unauliza kwa nini wimbo wa kumlilia mama unasikika mkavu ilhali uliuandika ukitokwa machozi. Naona umeyataja maumivu bila kuyaonyesha. "Moyo wangu unavuja damu" tumeshausikia mno, haumwachii msikilizaji nafasi ya kuhisi chochote mwenyewe. Andika ulichokiona: viatu vyake bado viko mlangoni, na hakuna anayethubutu kuvisogeza. Ishia hapo, usieleze kwamba unaumia.

Halafu chunga mkazo. Maneno yetu karibu yote hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito likiangukia kwingine, ukaimba "maMA", sikio linajikwaa na hisia inakatika (hili huwaponza hata watunzi wazoefu). Neno lenye uzito lipe noti ndefu, hasa likiwa na irabu "a", maana mdomo unafunguka na sauti inapata pa kutetemekea.

Kabla ya kiitikio cha mwisho, nyamazisha ala zote, ibaki sauti yako tu na vile viatu. Ukisharekebisha, tuwekee hapa tuusikie.