Maswali ya wasomaji: Guta halilali kwenye kona

Wataalamu, habari za kazi. Nimeendesha bodaboda miaka sita, sasa nimekabidhiwa guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, la cc 200. Kwenye kona linanikatalia na kunivuta nje ya barabara. Juzi nusura niingie mtaroni. Usukani ni mbovu, au ni mimi?
*Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam*

Ndugu, kabla hujampelekea fundi, itazame mikono yako. Ukiwa kwenye boda iliyochanganya mwendo, hugeuzi usukani kama wa baiskeli ya mtoto. Ukitaka kwenda kulia, mkono wa kulia unasukuma mbele kidogo bila wewe kujua, pikipiki inalala kulia, nayo inapita kona. Guta halilali. Ukisukuma mkono wa kulia mbele, gurudumu la mbele linatazama kushoto, na guta zima linakwenda kushoto. Hapo ndipo unapohisi linakukatalia, na ukiingiwa na hofu unazidi kusukuma upande uleule.

Kwenye guta, kona ya kulia unaikata kwa kuvuta mkono wa kulia na kusukuma wa kushoto. Itakuwa nzito kuliko ulivyozoea, hilo ni kawaida. Mwili nao uinamishe mbele na upande wa ndani ya kona, kwa sababu uzito wote unasukumwa nje na hakuna mlalo wa kuusawazisha. Dereva aliyekaa wima kama yuko kwenye kiti cha ofisini analisaidia guta kupinduka.

Mwendo upunguze kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, kisha ingia na mafuta kidogo ya kulivuta tu. Nguvu inayokusukuma nje haipandi sawasawa na spidi: kona uliyoipita kwa kilomita 20 kwa saa, ukiirudia kwa 40, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Gurudumu la nyuma la ndani likinyanyuka, usikanyage breki kwa nguvu, maana uzito utakimbilia mbele upande wa nje na guta litapinduka. Legeza mafuta taratibu na unyooshe usukani kidogo, mradi barabara ina nafasi. Gurudumu litarudi chini.

Tafuta uwanja wa mpira usio na watu. Panga ndoo sita tupu kwa mstari, mita nane kati ya moja na nyingine, upite katikati yake kwa gia ya kwanza, halafu ya pili. Angalia ni ndoo zipi zinagongwa na tairi la nyuma: mbele utapita salama, nyuma itakata ndani. Fanya hivyo hadi siku ipite bila ndoo kuguswa. Kisha pakia magunia mawili ya mchanga, uanze upya, ukijifunza pia kusimama ukitokea kilomita 20 na 30 kwa saa. Pedali ya mguu ndiyo breki yako kuu, kwa sababu inashika magurudumu mawili yenye mzigo. Ya mkono iongeze baadaye, tena usukani ukiwa umenyooka.

Jambo moja tunaliomba kwa msisitizo: usishushe mguu chini. Ni mazoea ya boda yanayovunja vifundo, maana tairi la nyuma linakuja moja kwa moja pale ulipouweka.

Guta langu linavuta kushoto muda wote. Nikiachia usukani kidogo tu linakwenda ukingoni.
*Msomaji, Morogoro*

Kwanza ujue kwamba barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji yamwagike pembeni, nasi tunaendesha kushoto. Pikipiki inasimama wima juu ya mteremko huo, guta linainama nao. Kwa hiyo kuvuta kidogo kushoto si ugonjwa. Lijaribu kwenye eneo tambarare, kwenda na kurudi. Likinyooka, liache.

Likiendelea kuvuta hata hapo, pima upepo wa matairi mawili ya nyuma kwa geji, si kwa teke. Yawe sawa, na yasizidi kipimo kilichoandikwa ubavuni. Kisha inua nyuma kwa jeki, weka gia huru, uzungushe kila gurudumu kwa mkono. Linalokwaruza au kusimama mapema breki yake inashika. Kama linavuta pale tu unapokanyaga breki, upande linakoelekea ndio unaoshika kwanza, kwa hiyo marekebisho yafanyike pande zote mbili hadi zishike pamoja.

Chanzo ambacho mafundi wengi wanakiruka ni senta bolti ya springi, yaani bolti ya katikati inayoshikilia vyuma vya springi pamoja. Ikikatika, springi na ekseli vinateleza upande mmoja, na ekseli inakaa mshazari. Pima kwa futi kamba kutoka bolti ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto. Tofauti ya hata sentimita moja inatosha kukusumbua. Usikubali kukaziwa yuboti pekee, zile bolti za umbo la U zinazobana ekseli kwenye springi: senta bolti ibadilishwe, ekseli irudishwe mahali pake, ndipo yuboti zikazwe, na zikazwe tena baada ya siku chache za kazi.

Nabeba viazi. Nikipanda mlima usukani unakuwa mwepesi kama haugusi barabara.
*Msomaji, Mbeya*

Ni kweli, karibu haugusi. Magunia yako yamekaa nyuma ya ekseli, na ekseli imekuwa kama kitovu cha mizani: nyuma inashuka, mbele inanyanyuka. Piga mstari wa rangi ndani ya bodi, juu kabisa ya ekseli. Magunia mazito yaanzie ukuta wa mbele wa bodi, na yanayovuka mstari yawe machache na mepesi. Ukimaliza kupakia, simama mbele ya guta mahali tambarare, ushike shokapu na kunyanyua. Mtu mmoja akiweza kulitoa gurudumu ardhini, panga upya au punguza.

Mzigo usipande juu bila sababu. Mbeba maji naye asisafiri na pipa lililojaa nusu, kwa sababu maji yanakimbilia nje kwenye kona na kuendelea kusukuma baada ya wewe kunyoosha. Madumu ya lita 20 yaliyojaa na kufungwa kamba yanatulia zaidi.

Kuteremka, tumia gia uliyopandia. Kwenda fri, yaani kwa gia huru, kunazipasha moto drumu za breki hadi breki zinakanyagika bila kushika.

Mashimo nitayakwepaje nikiwa na magurudumu matatu?
*Msomaji, Tanga*

Guta linaacha njia tatu, si moja. Shimo dogo lipitishe kati ya njia ya gurudumu la mbele na njia ya tairi la nyuma, yaani liwe usawa wa kigingi cha mguu. Shimo pana usilikwepe ghafla. Punguza mwendo na ulipite taratibu. Tuta nalo lipande likiwa limenyooka mbele yako. Ukilipanda mshazari, tairi moja la nyuma linapanda kabla ya mwenzake, na mzigo mrefu unaanza kuyumba.