Maswali ya Wasomaji: Amplifaya ya Roki ya Zamani na Metali

SWALI: Mwandishi wa safu ya muziki, salaam. Nilijifunza gitaa kanisani, na sasa mimi na wenzangu watatu tumeunda bendi ya kupiga roki ya zamani na metali. Ninaishi kwenye nyumba ya kupanga hapa Roysambu, ghorofa ya tatu, na kila Jumamosi tunakodi ukumbi mdogo wa mazoezi. Amplifaya niliyo nayo ina spika ya inchi 6, na nikiongeza mkwaruzo wa sauti (distortion) inalia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Akiba yangu inatosha kununua moja tu. Rafiki yangu anasisitiza ninunue ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, yenye wati 100, kwa kuwa ndizo walizotumia magwiji. Je, nimfuate? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Usimfuate, ingawa kuhusu magwiji hajasema uongo. Amplifaya za wati 100 zilitokana na shida ambayo wewe huna. Mwaka 1962 Jim Marshall, mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma aliyekuwa na duka la ala huko Hanwell, magharibi mwa London, alianza kuuza amplifaya ya JTM45, ambayo mafundi wake waliiunda kwa kufuata mchoro wa amplifaya ya Bassman ya kampuni ya Fender ya Marekani. Miaka michache baadaye wapigaji kama Pete Townshend wa bendi ya The Who walimtaka awatengenezee kitu chenye nguvu zaidi, maana kumbi zilikuwa zinakua na vyombo vya kupaza sauti vya wakati ule havikuweza kulifikisha gitaa hadi viti vya nyuma. Hapo ndipo wati 100 zilipozaliwa. Zilikusudiwa kujaza ukumbi, na utamu wa sauti tulioupenda kwenye santuri ulikuja kwa njia nyingine.

Amplifaya hizo za mwanzo hazikuwa na nobu ya geini, ile ya kuongeza mkwaruzo, kama tunayoijua leo. Ukitaka mkwaruzo, ulipandisha sauti mpaka valvu za mwisho, zile zinazoisukuma spika, zikazidiwa. Valvu ikizidiwa, vilele vya mawimbi ya sauti hubanwa na kukatwa taratibu, na sikio husikia ukali uliochanganyika na utamu. Ukipunguza nguvu ya mkono au ukirudisha kidogo sauti kwenye gitaa lenyewe, mkwaruzo nao unarudi nyuma. Huo ndio moyo wa roki ya zamani. Ubaya wake ni kwamba kuifikisha amplifaya ya wati 100 mahali hapo kunaleta kelele ambayo hata ukumbi wenu wa Jumamosi hautaivumilia, sembuse ghorofa ya tatu.

Tena wati hudanganya. Tofauti kati ya wati 50 na 100 ni desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Ili sauti isikike kuwa imeongezeka maradufu, unahitaji wati mara 10 hivi. Kwa hiyo amplifaya ya valvu ya wati 20 tayari inatosha kabisa kushindana na mpiga ngoma, na ndani ya nyumba itakugombanisha na majirani.

Sasa tuje kwenye metali, kwa sababu hapa ndipo uamuzi wako ulipo. Daraja kati ya muziki huu na ule ni Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, kijana wa Birmingham aliyekatwa na mashine ya kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono ambao kwake ndio unaobana nyuzi kwa kuwa hupiga kwa kushoto. Alijitengenezea vikofia vya kuvaa vidoleni, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize, na sauti ikawa nzito kuliko ya bendi zote za wakati wake. Lakini sikiliza alichokifanya kati ya gitaa na amplifaya yake ya Laney: aliweka kifaa cha kuongeza sauti za juu. Mtu anayetafuta uzito anaongeza ukali! Sababu yake ni kwamba besi, yaani sauti nzito za chini, ikiingia kwa wingi kwenye mkwaruzo hugeuka uji, na noti hazitengani. Uipunguze kabla ya mkwaruzo, kisha uirudishe baada yake, kwenye nobu ya besi na kwenye spika.

Siri hiyo haijabadilika tangu hapo. Wapiga metali wengi walioichukua amplifaya ya Marshall JCM800, iliyoingia sokoni mwaka 1981, waliweka mbele yake pedali (kifaa cha kukanyaga kwa mguu) ya Ibanez Tube Screamer, mkwaruzo wa pedali ukiwa karibu na sifuri na sauti yake ikiwa juu, ili tu kuibana besi na kuisukuma amplifaya. Amplifaya kama Mesa/Boogie Mark IIC+, ambayo Metallica waliitumia kurekodi albamu ya Master of Puppets ya mwaka 1986, na Peavey 5150, iliyotengenezwa pamoja na mpiga gitaa Eddie Van Halen na kutolewa mwaka 1992, hutoa mkwaruzo mwingi kwenye hatua za mwanzo za amplifaya, kabla sauti haijafika kwenye valvu za mwisho. Kwa kuwa unazaliwa huko mwanzoni, mkwaruzo wa metali unaweza kuupata hata sauti ikiwa ndogo, na hata bila valvu. Dimebag Darrell wa bendi ya Pantera alijenga sauti yake kwa amplifaya za Randall zinazotumia transista badala ya valvu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba si metali.

Kwa hali yako, basi, ningenunua amplifaya ya kidijitali ya wati 50 yenye spika ya inchi 12. Boss Katana ya wati 50 ni mfano mzuri: ina swichi ya kushusha nguvu hadi nusu wati kwa ajili ya nyumbani, ina tundu la kuchomeka hedifoni, na ina chaguo tofauti za sauti safi, ya roki na ya metali. Kitu utakachokikosa ni ule mwitikio wa valvu zilizozidiwa, jinsi zinavyoufuata mkono wako. Mimi naupenda sana, na siku ukiwa na mahali pa kupigia, tafuta ya valvu ya wati 15 au 20. Ila spika ya inchi 12 usiiache hata muuzaji akikubembeleza. Nyuki wako wa kwenye kopo hatoki kwenye mkwaruzo peke yake. Anatoka kwenye spika ya inchi 6 ndani ya kisanduku chembamba kisichoweza kusukuma hewa.

Dukani, nenda na gitaa lako mwenyewe. Weka nobu zote katikati, geini robo tu, laza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, upige uzi mnene kwa mikato mifupi mifupi. Kila pigo likikatika safi kama mlango unaofungwa kwa kishindo, endelea kusikiliza. Likiacha mkia wa mvumo, hiyo si ya metali. Kisha piga kodi (chord) kamili, yaani noti za nyuzi zote sita kwa pamoja, kwa mkwaruzo wa wastani, uone kama unaweza kuzisikia nyuzi moja moja ndani yake. Wasikilize AC/DC kwa makini: mpiga gitaa wao Angus Young ana mkwaruzo mdogo kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani, na ukubwa wote unatoka mkononi. Mwisho rudisha sauti ya gitaa hadi nusu. Amplifaya nzuri husafika bila kufa.

SWALI: Mjomba wangu aliyeko Marekani ananiletea amplifaya ya valvu iliyotumika. Nyuma imeandikwa volti 120. Nikibadilisha plagi tu, itafanya kazi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Haitafanya kazi, itaungua. Umeme wa Kenya ni volti 240, yaani mara mbili ya ule inaoutarajia, na ukiwa na bahati ni fyuzi tu itakayokatika. Nimewahi kusimama kando ya amplifaya iliyochomekwa hivyo, na harufu ya transfoma iliyoungua haikutoka chumbani siku hiyo nzima. Nunua transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi kwa nusu nzima matumizi ya umeme yaliyoandikwa nyuma ya amplifaya, na usiyachanganye matumizi hayo na wati za sauti, kwa maana amplifaya ya valvu hula umeme mwingi zaidi ya sauti inayoitoa. Angalia pia kama imeandikwa 50/60 Hz, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na wa Marekani ni wa 60, na transfoma iliyokusudiwa 60 pekee inaweza kupata joto kupita kiasi. Usiiwashe kamwe bila kuiunganisha na spika, tena yenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilezile zilizoandikwa kwenye tundu. Wala usiifungue mwenyewe: ndani mna umeme wa mamia ya volti, na kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, huendelea kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hiyo ni kazi ya fundi anayezijua valvu.

SWALI: Nikipiga peke yangu nyumbani sauti yangu ya metali ni nzito na tamu, lakini tukianza kupiga na bendi sisikiki kabisa hata nikiongeza volyumu. Je, amplifaya yangu ni dhaifu? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Nina hakika umezishusha sauti za kati hadi chini na kupandisha besi na sauti za juu. Chumbani mpangilio huo unapendeza. Kwenye bendi, besi yako inagongana na gitaa la besi na ngoma kubwa, sauti zako za juu zinagongana na matoazi, na palepale katikati, mahali pekee ambapo gitaa huwa peke yake, umepaacha wazi. Pandisha sauti za kati zipite nusu, shusha besi hadi theluthi, punguza geini kuliko unavyotamani, na uinue amplifaya kutoka sakafuni uiweke juu ya kiti ili ielekee masikioni mwako badala ya magotini. Siku ya kwanza utaiona sauti hiyo nyembamba na utatamani kuirudisha. Subiri mpiga besi aingie.