Kizazi Kimetolewa, Hedhi Imekoma: Bado Unapimwa Nini?

Kama umetolewa kizazi, kabla ya kwenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake tafuta karatasi mbili: ripoti ya upasuaji na majibu ya maabara ya kilichotolewa. Kuambiwa tu kwamba "kizazi kimetolewa" hakutoshi. Upasuaji mwingine huondoa kizazi pamoja na shingo yake, mwingine huiacha shingo. Ovari nazo huenda bado zipo.

Shingo ikiwepo, upimaji wa saratani yake unaendelea kama kawaida. Miongozo ya Marekani inataka Pap (kipimo cha chembe za shingo ya kizazi) kila baada ya miaka 3 au kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, kila baada ya 5, hadi umri wa miaka 65 iwapo majibu ya miaka 10 iliyotangulia yalikuwa safi. Shingo ikiwa imetolewa kwa sababu ya faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani), na hujawahi kukutwa na mabadiliko ya kuelekea saratani, huhitaji tena Pap. Uliyewahi kukutwa nayo usiache: sehemu ya juu ya uke bado inapaswa kupimwa kwa miaka mingi.

Pap ni kipande kidogo tu cha uchunguzi. Ngozi ya nje ya uke iangaliwe vizuri. Muwasho wenye mabaka meupe hutibiwa kama fangasi tena na tena, kumbe ni laikeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi unaotaka krimu ya steroidi. Daktari akikuambia ukohoe, anatazama kama kibofu au kuta za uke zinashuka. Mkojo ukikuvuja unapopiga chafya, tafadhali sema. Mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia, na kwa kilichoshuka kuna pete ya kukishikilia.

Spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, inauma kwa sababu homoni ya estrojeni imepungua na ngozi ya uke imekauka na kuwa nyembamba. Omba ndogo, yenye kilainishi. Krimu ya estrojeni ya ukeni ikitumika wiki kadhaa kabla hupunguza maumivu, ila uliyeugua saratani ya matiti zungumza kwanza na daktari wako wa saratani.

Damu ndiyo isiyongoja. Miezi 12 ikishapita bila hedhi, hata doa la kahawia kwenye chupi lipeleke hospitali wiki hiyohiyo. Mara nyingi ni ukavu, lakini saratani ya kizazi nayo huanza kujionyesha hivyo, ikiwa bado inatibika. Ambaye bado ana kizazi atapimwa unene wa utando wake kwa ultrasaundi. Ukizidi milimita 4, huchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha utando huo, cha kupima. Na hata utando ukiwa mwembamba, damu ikirudi, omba kinyama hicho kichukuliwe.