Kuhama au kutimuliwa?

Wiki hii mmeuliza: mbunge akihama chama, arudishe kiti? Wahamaji siwapendi. Wale wa kwetu Tanzania waliohama upinzani "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, hadi leo nikiwaona nabadili stesheni. Lakini ninakoishi sasa, Limerick, Ireland, swali hilo lina jina la mtu: Desmond O'Malley, aliyekuwa mbunge wa hapa. Yeye hakuhama, alitimuliwa.

Februari 1985 Bunge la Dublin lilikuwa na muswada wa kuruhusu kondomu ziuzwe bila cheti cha daktari kwa mtu wa miaka 18 na kuendelea. Maaskofu walikuja juu. Fianna Fáil, chama cha O'Malley, kilikuwa upinzani chini ya Charles Haughey, na msimamo ulikuwa kupinga. O'Malley akasimama, akasema yeye yuko upande wa Jamhuri, kwa hiyo muswada hataupinga. Wala hakuuunga mkono! Alijizuia tu kupiga kura, na muswada ukapita kwa 83 dhidi ya 80. Siku chache baadaye aliitwa mbele ya wakubwa wa chama kwa mwenendo usiofaa. Kura haikuwa ya siri. Yaliitwa majina, jina kwa jina, kila mtu akatamka jibu lake bosi akisikia. Sabini na watatu wakasema afukuzwe, tisa wakakataa. Wazee wa hapa bado wanawataja hao tisa kwa heshima.

Kwa sheria ya Tanzania, uanachama ukiisha na ubunge umekwisha. Ireland alibaki na kiti, Desemba akaanzisha Progressive Democrats, na 1987 chama hicho kichanga kikavuna viti 14.

Kwa hiyo jibu langu: anayeondoka mwenyewe arudishe, anayefukuzwa aachiwe, ingawa wajanja wataanza kutafuta kufukuzwa.

Tatizo ni 1989. Juni, O'Malley aliomba kura akiwa na makubaliano na Fine Gael, wapinzani wa Haughey. Progressive Democrats wakaambulia viti 6. Julai, huyo huyo akawa waziri wa viwanda na biashara katika serikali ya Haughey, ambaye naye alikuwa amevunja mwiko wa Fianna Fáil wa kutoingia serikali ya mseto. Hapo ndipo wapiga kura walistahili kuulizwa upya, na sheria yangu isingemgusa, maana chama hakubadilisha.