Mwanangu, hip hop ilianza na msichana aliyetaka nguo za shule

Assalaam aleykum mwanangu,

Voisi yako niliipata juzi usiku. Wasema mlibishana hosteli, wenzako wakakwambia hip hop ni mambo ya wanaume, imetoka Marekani hatuna chetu ndani yake, tena ya zamani ilikuwa na ujumbe na hii ya sasa ni kelele tu, ndo ukaniuliza mama imebadilika vipi na wewe mwanamke wa Lamu uliipendea nini. Ningekujibu kwa voisi ila hapa nyumbani wageni hawaishi na nina mengi ya kusema, kwa hivyo soma pole pole.

Hilo la wanaume kwanza. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, kulikuwa na msichana anaitwa Cindy Campbell, kwao asili ni Jamaica, shule zilikuwa karibu kufunguliwa na yeye alitaka nguo mpya za kwendea shule. Akafanya nini, akakodi ukumbi wa chini wa jumba wanalokaa, nambari 1520 Sedgwick Avenue, akaandaa pati ya kiingilio, wasichana senti 25 wavulana senti 50, na wa kupiga muziki akamweka kakake Clive ambaye watu wakimwita DJ Kool Herc. Basi ile pati ya nguo za shule ndo watu huihesabu kuwa siku hip hop ilizaliwa. Jina la kaka linajulikana dunia nzima, la dada hawalitaji, na hili huniuma mimi kila nikilisikia.

Na Bronx ya wakati huo usidhani ni ya kwenye sinema, barabara kubwa ilikuwa imepasuliwa katikati ya mitaa watu wakahamishwa, wenye majumba wengine wakiyachoma wenyewe wapate pesa za bima. Vijana hawana ala, wana santuri za wazee wao. Herc alikuwa amegundua kitu, kwamba wachezaji wanangoja ile sehemu waimbaji wananyamaza inabaki ngoma tupu, ambayo ni sekunde chache tu inaisha, sasa yeye akachukua santuri mbili za wimbo mmoja kwenye mashine mbili, hii ikimaliza ile ngoma anaianzisha kwa ile nyingine, anarudi, anakwenda, na ngoma haikatiki. Hapo rapa hayupo bado! Kuna mtu kashika maiki anachangamsha watu na kuwataja majina waliofika, vile tu hufanywa kwenye harusi zetu. Mwenye shughuli alikuwa ni dijei.

Rapa alisogea mbele pale pati ilipotakiwa iuzwe kwa santuri. 1979 mwanamke mwingine, Sylvia Robinson, mwenye kampuni ya santuri ya Sugar Hill, akatoa wimbo wa kurap, Rapper's Delight, dakika karibu 15, ala zimepigwa na wanamuziki wa studio, dijei akabaki nje. Wimbo mzima ni kujisifu tu na chakula na mavazi. Ujumbe ulikuja 1982 na The Message, huo pia wa kampuni ya Sylvia, kuhusu panya na madeni na vijana kuishia jela, na kundi lenyewe, la Grandmaster Flash, mwanzo halikuutaka, waliona nani atacheza wimbo wa shida. Kwa hivyo mwenzako akikwambia ya zamani ilikuwa ujumbe mtupu mwambie ilikaa miaka tisa ikiwa sherehe zaidi kabla ya wimbo huo. Sherehe si kelele, watu waliochomewa nyumba wakakutana wakacheza hilo lenyewe ni jambo kubwa.

Baadaye zikaja mashine za kukata vipande vya nyimbo za zamani na kuvishona upya, biti moja, yaani mdundo wa wimbo, ina vipande kumi, tamu ajabu, mpaka 1991 mahakama New York ikasema kuchukua kipande bila ruhusa ni wizi, na kulipia kila kipande ni ghali, basi wengi wakapunguza wakaanza kupiga kinanda chao. Ndo maana mlio ulibadilika. Watu husema vijana wameishiwa, kumbe ni gharama.

Sasa mimi. Mtoto wa ami yangu alikuwa akija kutoka Mombasa kwa Maulidi anakuja na kaseti, tunasikiliza kwa redio ya betri, betri zikilegea tunazianika juani zipate nguvu kidogo. Za Kiingereza nilikuwa nacheza tu. Halafu mwisho mwisho wa miaka ya 90 akaja na wimbo wa kundi la Kalamashaka wa Dandora, Nairobi, Tafsiri Hii, kwa Kiswahili, mwanangu nilisimama na sahani mkononi. Nikairekodi juu ya kaseti ya taarabu ya babu yako, nilikosea na nilimuomba radhi, alikasirika siku mbili. Ya tatu akasema hebu iweke nisikie umeifuta taarabu yangu kwa nini. Akasikiza mpaka mwisho, akasema vina viko, mizani haipo. Shairi letu mizani 16 kila mshororo, we wajua. Nikamwambia mizani imeshikwa na ngoma, sikiza, mapigo manne yanarudi yaleyale, mwenye maneno akiwahi au akichelewa ngoma inamngoja. Akanyamaza, akaniambia irudishe mwanzo.

Na la kuwa hatuna chetu, waulize wenzako washaona vugo, ngoma yetu ya wanawake harusini? Bibi yako alikuwa anagonga pembe harusini, wanawake wa kundi hili wanawatupia mafumbo wa kundi lile, ukirushiwa lazima ujibu na ujibu kwa vina, usipojibu mtaa mzima utajua. Mimi niliposikia marapa wanajibizana sikuona kitu kigeni hata kidogo. Ndo nilichokipendea.

Ya sasa, gengetone ya vijana wa Nairobi iliyoanza 2018 na kundi la Ethic na wenzao, biti yake naipenda, miguu yenyewe inakwenda. Kinachonitia uchungu ni vile wanavyomsema mwanamke, na hilo sikulikubali hata kwa wale wa miaka ya 90 niliowapenda. Mwaka 1999 Lauryn Hill, mwanamke rapa wa Marekani, alichukua Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya kwao, ya albamu bora ya mwaka, ndo ya kwanza ya hip hop kupata, na hakuhitaji kumdhalilisha mwanamke.

Ule wimbo wako uliorekodi kwa simu ukanificha, nimeshaambiwa na ndugu yako. Nitumie. Babu yako anautaka pia, amesema anataka kuhesabu.

Mamako