Siku mwanafunzi aliponiuliza kama watumwa waliwahi kucheka

Kwa miaka mingi nilifundisha historia ya Weusi wa Marekani kwa mpangilio uleule: merikebu, minyororo, mashamba ya pamba, viboko. Siku moja msichana wa Kidato cha Pili, ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kuuliza kitu, alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwani hawa watu hawakuwahi kucheka?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule, nikiandaa somo upya, niliona kosa langu: wanafunzi walijua yote waliyotendewa watu wale, na hawakujua hata moja walilolifanya wao wenyewe.

Mwalimu mwenzangu, ukifika kwenye mada hii anza na ngoma. Mwaka 1739, huko Stono, South Carolina, wakati huo koloni la Waingereza, watumwa waliasi wakaenda barabarani wakipiga ngoma na kuita wenzao. Wengi wao walitoka pande za Kongo na Angola. Mwaka uliofuata koloni likatunga sheria iliyowakataza watumwa ngoma na pembe. Basi mdundo ukahamia mwilini. Viganja vikapiga mapaja na kifua, miguu ikapiga sakafu, na uchezaji huo ukajulikana kwa jina la juba.

Usiishie kusimulia. Mimi nilisogeza madawati, nikaagiza kila kinachotoa sauti kiwekwe chini, hata kalamu. Safu ya mbele mapaja, ya kati makofi, ya nyuma miguu. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Mara ya tatu darasa zima lilishika mdundo mmoja, mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia dirishani. Hapo ndipo nilipowaeleza sheria ya 1740, viganja vyao vikiwa bado vina joto. Kimya kilichofuata sijakisahau. Ningeanza na sheria, wangeinakili tu daftarini.

Lakini chunga wasitoke wakidhani utumwa haukuwa mchungu kwa kuwa watu walicheza. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alishaeleza kwamba watumwa huimba zaidi wanapozidiwa na huzuni. Waambie hilo siku hiyohiyo, usingoje kipindi kijacho.

Kisha wapeleke Texas. Tangazo la Rais Lincoln wa Marekani la kuwaachia huru watumwa lilianza kutumika Januari 1863, ila Galveston, mji wa Texas, habari hiyo ilitangazwa rasmi na jeshi tarehe 19 Juni 1865. Mwaka 1872, miaka 7 tu baadaye, Weusi wa Houston walichangishana wakanunua ekari 10 ili wawe na mahali pa kuadhimisha siku hiyo. Bustani ile ipo mpaka leo, inaitwa Emancipation Park, na tangu 2021 tarehe 19 Juni ni sikukuu ya taifa zima.

Hapa niliwauliza: watu waliotoka utumwani mikono mitupu, kwa nini wanunue kiwanja cha sherehe? Waache wabishane. Kijana mmoja alisema ni hasara, wangenunua shamba la kulima. Yule msichana akasimama bila kunyoosha mkono. "Kulima walishalima miaka yote! Walitaka mahali ambapo hakuna wa kuwafukuza."

Halafu akauliza walikula nini siku hiyo. Jiandae na swali hilo pia: nyama ya kuchoma, tikitimaji, na vinywaji vyekundu.